Diski za Harusi na Mazishi: Tuziweke Kwenye Kompyuta Mapema



Mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo alitujia ofisini akiwa na diski ya DVD aliyoifunga kwa leso. Ilikuwa ya harusi ya binti yake, mwaka wa 2007. Mzee wake ameshaaga dunia, na mahali pekee ambapo sauti yake imebaki ni humo, akiwapa maharusi mawaidha. Mama alikuwa ametangulia kwenda saiba, akalipa, akapewa filamu yake kwenye flashi. Alipofika nyumbani ikacheza kama nusu saa hivi, kisha kimya. Maharusi ndio kwanza wanashuka kwenye gari. Mzee hata hajasimama.

Tulipoifungua ile flashi tuliona kosa mara moja, na kwa kuwa tunajua si mama huyu peke yake aliyepatwa na jambo hili, tumeona tulieleze.

Filamu ya DVD haikai kama faili moja. Ukifungua diski kwenye kompyuta utakuta folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake mafaili mengi. Yale makubwa huishia na herufi VOB, nayo ndiyo yenye picha na sauti. Kwa kanuni ya DVD, kila faili la VOB haliruhusiwi kuzidi gigabaiti moja, kwa hiyo filamu ndefu hukatwa vipande: VTS_01_1, VTS_01_2, na kuendelea. Yale madogo, IFO na BUP, ni kama kielelezo cha kuionyesha mashine kipande gani kinafuata kipi. Kijana wa saiba aliona VTS_01_1, akakijaribu, kikacheza vizuri, akadhani kazi imekwisha. Alimpa mama kipande cha kwanza tu.

Basi njia iliyo salama ni kunakili folda yote ya VIDEO_TS bila kuchagua. Kwanza pangusa diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati ukienda ukingoni, wala si kwa kuzungusha, maana mkwaruzo unaofuata mzunguko ndio unaosumbua zaidi. Itie kwenye kompyuta. Kompyuta nyingi za siku hizi hazina mahali pa kuingiza diski, lakini kuna kisomaji cha nje kinachochomekwa kwa waya wa USB. Filamu ikianza kucheza yenyewe, izime. Kisha tengeneza folda mpya kwenye diski ngumu ya kompyuta, uipe jina linaloeleweka, kwa mfano "Harusi ya Wanjiru 2007", unakili VIDEO_TS humo. DVD ya kawaida ina nafasi ya gigabaiti 4.7, ile ya tabaka mbili inafika 8.5. Kwa hiyo diski ngumu ya terabaiti moja inaweza kubeba DVD za kawaida kama 200. Kazi yenyewe huchukua robo saa au zaidi kidogo kama diski ni nzima.

Usiirudishe diski kabatini kabla ya kuhakikisha. Fungua ile folda kwa programu ya VLC, ambayo hutolewa bure, uruke mpaka mwanzo wa kila sehemu na mpaka mwisho kabisa. Ukitaka faili moja linaloweza kucheza kwenye simu, programu ya HandBrake, nayo ya bure, itakutengenezea MP4 ndogo zaidi. Lakini hiyo ndogo imepunguzwa ubora, kwa hiyo tunashauri ile folda ya kwanza usiifute kama nafasi ipo.

Zile VCD za zamani ni tofauti kidogo. Angalia folda ya MPEGAV, utakuta faili kama AVSEQ01.DAT, na VLC itaicheza. VCD moja haichukui zaidi ya saa moja na dakika 20 hivi, ndiyo maana harusi ilikuja kwa diski mbili au tatu. Tafadhali msilete moja mkaacha nyingine nyumbani!

Sasa, haraka ya nini? Geuza diski uangalie upande wa chini. Zile za kiwandani huwa na rangi ya fedha, na filamu imepigwa chapa humo. Zile alizochoma mpiga video wetu wa mtaani huwa na rangi ya zambarau au inayokaribia hapo. Hizo zimeandikwa kwa miale ya leza juu ya rangi maalum, na rangi ni rangi: joto na jua huifubaza, na unyevu pia si rafiki yake. Diski iliyowekwa dirishani inaweza kuharibika hata kama haina mkwaruzo mmoja. Na kwa CD na VCD, upande wa juu wenye maandishi ndio dhaifu zaidi, kwa sababu data iko chini tu ya ile ngozi nyembamba. Ukiukwaruza huo, hakuna cha kupangusa.

Diski ya mama ilikwama katikati ya kunakiliwa. Tukiri kwamba roho zetu zilidunda. Tuliipangusa tena, ikakwama palepale. Ndipo tukaijaribu kwenye kisomaji kingine, cha kompyuta kuukuu tuliyokuwa karibu kuitupa, na hicho kikaisoma. Visomaji havilingani, kimoja kikishindwa usikate tamaa kabla ya kujaribu cha pili na cha tatu. Mahali pawili picha inavunjika vipande vya mraba, mara moja wakati wa chakula na mara moja mzee akiwa anaongea. Sauti haikupotea. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaomba turudie.

Kuna jambo la sheria pia. Wengine wametuuliza kama tunaweza kuwanakilia sinema za dukani. Hapana. DVD nyingi za kampuni kubwa za filamu zina kufuli ndani yake, na ukizinakili hivihivi picha huja imevurugika. Zipo programu za kufungua kufuli hilo, kwani lilivunjwa tangu mwaka wa 1999, lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inakataza kuzunguka kinga za namna hiyo. Kuhusu video ya harusi yako mwenyewe, sheria hiyohiyo inahesabu kwamba haki ni za yule aliyeagiza kazi, isipokuwa kama mlipatana vingine na mpiga video. Nyimbo zilizowekwa humo zinabaki kuwa za wenyewe. Kutazama na jamaa ni sawa, kuuza nakala ni jambo jingine.

Na msidhani diski ngumu ni ya milele. Ikianguka mara moja tu inaweza kwenda na harusi zote 200. Weka nakala mbili, na ya pili isikae nyumba moja na ya kwanza. Mpe dada, au mtoto aliye Nakuru au Mombasa.

Kila Alhamisi baada ya Misa ya asubuhi kompyuta ya ofisi ya parokia itakuwa wazi kwa kazi hii. Leteni diski zikiwa ndani ya makasha, si kwa kufungwa na mpira, pamoja na flashi yenye nafasi ya gigabaiti nane au zaidi. Wazee wasioweza kufika wawatume wajukuu, lakini waandike kwa karatasi ni sherehe ya nani na ya mwaka gani, maana diski nyingi tulizopokea hazina hata jina.