Baridi Yasingiziwa, Moshi Waachwa Huru

Nilipofika Mlaleo, Kisauni, kumjulia hali mpwa wangu, mwanawe wa mwaka mmoja na nusu alikuwa akipumua mbio, mbavu zikibonyea. Ukumbini, hatua mbili kutoka mlango wa chumba chao, seredani ilikuwa ikifuka.

“Ana kifua, mjomba. Ni baridi tu.”

Ilikuwa saa saba mchana, nami nilikuwa nikitokwa jasho. Tulimkimbiza zahanati, ikawa ni nimonia.

Kwa mwanaisimu, usemi huo ni wa ajabu. Nani asiye na kifua? Kiungo kimegeuka jina la maradhi, na kisababishi kikatoweka ndani ya neno. Baridi hushtakiwa kila siku, na moshi huachwa huru. Isitoshe, moshi tumeutukuza: jirani akilala njaa, twasema kwake hakukufuka moshi.

Hali Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wasiotimiza miaka 5. Chembe zake hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na hatari ya mtoto kupata nimonia hukaribia kuongezeka maradufu. Makaa nayo, ambayo wengi huyadhania salama kwa kuwa moshi wake ni haba, hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka.

Wapo wasemao kina mama ni wajinga. Sikubaliani nao hata kidogo. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na uani, na mapishi yalikuwa huko, kwenye upepo. Leo, kuanzia Likoni hadi Changamwe, nyua nyingi zimejengwa vyumba vya kupangisha, na jiko likawafuata watu ndani. Je, aliyelihamisha ni mama au mwenye nyumba?

Na gesi, ambayo meli huishusha papa hapa Mombasa? Serikali iliitoza ushuru wa ziada ya thamani wa asilimia 16 Julai 2021, ikaupunguza hadi 8 mwaka 2022, kisha ikauondoa mwaka 2023. Ilifanya vyema. Lakini mpwa wangu hununua makaa kwa mkebe, kwa pesa za siku ile, ilhali mtungi hudai pesa za mwezi mzima kwa mkupuo mmoja.

Mtoto amepona. Seredani sasa huwashwa nje, kando ya mlango. Mvua ikinyesha, mpwa wangu huirudisha ukumbini.