Nyumba Iliyoingiwa na Maji: Ni Nani Alipaye?

Wenye nyumba za kupangisha mjini Garissa wanaujua vizuri Mto Tana, maana mto huo ndio unaowapa maji, na ndio unaowabomolea kuta. Mafuriko ya mwaka 1961 yanakumbukwa na wazee. Yakafuata yale ya El Nino ya 1997 na 1998, kisha ya Novemba 2023, na tena ya Aprili na Mei 2024, ambapo watu wengi wa kando ya mto walilazimika kuhama makao yao. Kila mara maji yapunguapo, huzuka ugomvi ule ule. Mwenye nyumba hudai kodi ya mwezi, na mpangaji, ambaye mwezi huo alilala penginepo na watoto wake, hukataa kutoa hata senti moja.

Jambo hilo limekwisha amuliwa na sheria. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 chaeleza kwamba nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko au ajali isiyotokana na uzembe wa mpangaji, hata isifae kukaliwa, basi kodi husimama mpaka nyumba itakapofaa tena. Ikiwa ni sehemu tu iliyoharibika, hupunguzwa kodi kwa kadiri ya uharibifu. Tena, isipotengenezwa kwa muda wa miezi sita, mpangaji ana haki ya kutoa notisi ya mwezi mmoja na kuondoka. Kwa hiyo mwenye nyumba anayekaa kitako akingoja kodi ya chumba kilichojaa matope anajipunja mwenyewe: kila siku anayochelewa kumwita fundi ni siku isiyo na kodi.

Lakini haraka isiyo na akili nayo ni hasara. Ukuta wa matofali ulionyweshwa maji huonekana umekauka nje, hali ndani ungali na unyevu. Ukipigwa lipu mapema, lipu hiyo hubanduka. Yafaa kwanza kutazama msingi, kwani maji yaendayo kasi huchimba chini yake. Nyaya za umeme zikaguliwe na fundi kabla ya kuwasha taa hata moja. Choo cha shimo kilichofurika kisitumiwe mpaka ijulikane kama kingo zake ni imara.

Si uharibifu wote unaoletwa na mto. Methali ya ufa na ukuta inajulikana na kila mtu, bali Garissa ufa mara nyingi huanzia juu. Mabati hutanuka kwa jua la mchana na kunywea usiku, na mwishowe misumari hulegea. Kwa kuwa mvua ni haba, paa bovu laweza kukaa miezi mingi bila kugunduliwa, mpaka siku ya kwanza ya masika, godoro la mpangaji liloe. Mwenye nyumba mwenye busara humpandisha fundi juu mwezi wa Februari na mwezi wa Septemba, kabla ya mvua za majira yote mawili. Mchwa nao hawangoji majira. Miimo ya milango na mbao za paa zatakiwa kuangaliwa mara kwa mara.

Mpangaji naye ana wajibu wake. Kifungu cha 66 chamtaka airudishe nyumba katika hali aliyoikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida na maafa kama hayo yaliyotajwa. Rangi iliyofifia kwa miaka mitatu ni uchakavu. Mlango uliovunjwa kwa teke si uchakavu. Ugomvi juu ya fedha za amana hutokea kwa sababu hakuna aliyeandika hali ya nyumba siku ya kuingia. Karatasi moja iliyotiwa sahihi na wote wawili, pamoja na picha chache za simu, zatosha.

Mwenye nyumba anaruhusiwa kuingia kukagua kwa wakati unaofaa, baada ya kutoa taarifa. Katika nchi ambayo ua ni mahali pa wanawake, haifai kabisa kuingia ghafula na fundi mgeni, hata kama kodi imechelewa. Kung'oa mlango au mabati ili kumfukuza mtu ni kujitafutia kesi.

Maduka na hoteli za chakula zina sheria yao ya mwaka 1965. Mwenye jengo akitaka kulibomoa au kulijenga upya, na mpangaji wake analindwa na sheria hiyo, ni lazima atoe notisi ya maandishi ya muda usiopungua miezi miwili, kwa fomu iliyowekwa. Na mpangaji asiyekubali hupeleka shauri lake mbele ya baraza la usuluhishi lililowekwa na sheria hiyo kabla notisi haijaanza kufanya kazi.