Cheti cha Qatar Hakijafika, na Usaili ni Kesho

Simu za namna hii hunijia jioni. Mume yuko Minnesota, ombi limepita hatua zote, tarehe ya usaili katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi imefika. Mke anapanga karatasi zake mara ya mwisho na kukuta pengo: cheti cha polisi cha Qatar, alikofanya kazi za nyumbani miaka mitatu, bado hakijaja. "Niende hivyo hivyo, au niombe tarehe nyingine?"

Aende. Pasipoti ingekosekana ningemjibu vingine, lakini pengo la cheti kimoja halizuii usaili wenyewe kufanyika. Afisa atamwapisha, atamchukua alama za vidole, atamuuliza habari za ndoa yake na kupokea vyeti vilivyopo. Akiridhika na mengine yote, atampa barua yenye nambari inayowatoa watu jasho: 221(g), kifungu cha sheria ya uhamiaji na uraia ya mwaka 1952. Kisheria huko ni kunyimwa viza, na fomu yoyote ya baadaye ikiuliza kama amewahi kunyimwa, ajibu ndiyo na aeleze sababu. Lakini faili halijafungwa. Ana mwaka mmoja wa kuleta kilichotajwa kwenye barua bila kulipa ada upya, na mara nyingi haitwi tena kuhojiwa. Akiahirisha, anarudi kwenye foleni, na cheti bado kinasubiriwa.

Asiutegemee mwaka huo wote, hata hivyo. Kipimo cha afya kwa kawaida hudumu miezi 6, na viza haiwezi kukipita. Cheti kikichelewa mno, atapimwa tena na kulipia tena.

Kwa nini ni cha Ghuba kinachosahaulika? Cha Kenya, kinachotolewa na DCI, idara ya upelelezi, kila mtu anakikumbuka. Kanuni, lakini, inadai cheti cha kila nchi uliyokaa miezi 12 au zaidi ukiwa umetimiza miaka 16, na aliyerudi Doha au Dubai huona maisha yale yamekwisha. Kukipata ukiwa nyumbani huweza kudai alama za vidole zilizochukuliwa hapa, zikathibitishwa, zikasafirishwa. Kila nchi ina utaratibu wake, ulioelezwa kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Usomeni siku ombi linapoanza.

Ninachokiogopa kuliko hiyo 221(g) ni yule kijana wa saiba anayeahidi kukitengeneza cheti usiku huohuo. Nawasihi, msikubali. Hati ya kughushi ikigunduliwa, kosa ni la udanganyifu, na katazo lake ni la maisha. Msamaha upo, ila mke huyu atalazimika kuthibitisha kwamba mumewe, raia au mkazi wa kudumu wa Marekani, atapata dhiki iliyopita kiasi asipoingia. Nimekaa na familia zilizofika hapo. Watoto wanakua wakimjua baba kwa simu, kwa sababu ya karatasi ambayo ingengojwa wiki chache.

Kwa hiyo usiku huu achapishe risiti ya maombi ya cheti na barua pepe alizoandikiana na wahusika wa Qatar, aziweke juu ya faili. Kesho dirishani, afisa akifika kwenye vyeti vya polisi, aseme mwenyewe kabla hajaulizwa: cha Kenya hiki hapa, cha Qatar nimeshakiomba, na risiti ni hii.