Tiketi ya bahati nasibu: Je, pesa humfikia mgonjwa?

Bili ya hospitali inapowashinda jamaa za mgonjwa, wakazi wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi hawana desturi ya kumwacha mwenzao peke yake. Kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja, Kayole na Dandora, kadi za mchango huzungushwa nyumba kwa nyumba, vyama vya akina mama hukutana, na makanisa na misikiti huchangisha waumini. Wakati mwingine kamati ya matibabu huongeza kivutio kingine: tiketi za bahati nasibu. Mtu hulipa Sh100, na huenda akarudi nyumbani na mbuzi au televisheni, huku mgonjwa naye akisaidika.

Nia ni njema. Hata hivyo, wananchi wengi hawafahamu kwamba kadi ya mchango na tiketi ya bahati nasibu ni vitu viwili tofauti mbele ya sheria. Anayetia pesa kwenye kadi ametoa sadaka. Anayenunua tiketi amenunua nafasi ya kushinda, na hiyo ni kamari hata kama faida imekusudiwa kununua dawa.

SHERIA INASEMAJE

Kwa karibu miaka 60, mambo haya yalitawaliwa na Sheria ya Kamari na Bahati Nasibu ya 1966, Sura ya 131. Sheria hiyo iliharamisha kila bahati nasibu ambayo haikuruhusiwa nayo, na ikaunda bodi ya kutoa leseni. Waliopewa kibali cha kuuzia umma tiketi walitakiwa kutenga angalau asilimia 25 ya mapato kwa ajili ya hisani. Wasomaji wa makamo watakumbuka tiketi za Kenya Charity Sweepstake, zilizouzwa kwa misingi hiyo.

Mnamo Agosti 2025 Rais William Ruto alitia sahihi Sheria ya Kudhibiti Kamari, iliyochukua mahali pa ile ya 1966 na kuanzisha mamlaka mpya ya kusimamia sekta hiyo. Kanuni kuu mbili hazikubadilika: leseni kwanza, na aliye chini ya umri wa miaka 18 asihusishwe na kamari. Kwa hivyo mtoto wa shule hafai kutumwa kuuza tiketi hizo mlangoni kwa majirani, hata mgonjwa akiwa mwalimu wake.

Michango ya kawaida nayo ina sheria yake, Sura ya 106, kuhusu ukusanyaji wa pesa kutoka kwa umma. Barua ya chifu inaweza kuthibitisha kwamba mgonjwa yupo na anaishi mtaani, lakini barua hiyo haigeuki kuwa leseni ya bahati nasibu.

TUPIGE HESABU

Huenda msomaji akauliza: kwa nini serikali imsumbue mtu anayetafuta pesa za matibabu? Jibu limo katika hesabu. Tuchukue mfano wa kamati iliyochapisha tiketi 1,000 za Sh100 kila moja. Zikiuzwa zote, mapato ni Sh100,000.

Vitabu vyenye tiketi 150 vilichukuliwa na wauzaji na havikurudi, wala pesa zake. Zimebaki Sh85,000. Zawadi ziligharimu Sh30,000, uchapishaji Sh5,000, hema na vyombo vya muziki Sh18,000, nauli na chakula cha kamati Sh8,000. Kinachomfikia mgonjwa ni Sh24,000, yaani chini ya robo ya thamani ya tiketi zote. Hapa hakuna aliyeiba zawadi wala kutoroka na mfuko. Je, hali itakuwaje iwapo mgonjwa mwenyewe ni wa kubuni?

Linganisha na kadi ya mchango yenye nambari ya akaunti ya hospitali. Jirani yule yule akituma Sh100 kwa M-Pesa, karibu zote humfikia mgonjwa, na risiti hubaki kwenye simu yake.

MADHARA YA KIAFYA

Kuna jambo jingine ambalo kamati nyingi hazilifikirii. Shirika la Afya Duniani limeorodhesha uraibu wa kamari miongoni mwa maradhi, sawa na uraibu wa pombe. Mwathiriwa hushindwa kujizuia, huficha hasara, hukopa, kisha hucheza tena akitumaini kurudisha alichopoteza. Tiketi moja ya kanisa haimfanyi mtu kuwa mraibu, lakini kwa anayejitahidi kuacha, kila mwaliko wa kubahatisha ni kishawishi. Mtu wa aina hiyo aombwe mchango wa kawaida.

HAKI YA MGONJWA

Harambee nyingi huitishwa kwa hofu kwamba mgonjwa atazuiliwa wodini hadi alipe. Ni vyema kujua kwamba mnamo 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, papa hapa Eastlands, kwa kushindwa kulipa. Mahakama ilisema haki zao zilikiukwa na ikaamuru walipwe fidia. Deni la hospitali ni deni, na hudaiwa kama madeni mengine. Jamaa wamwone afisa wa ustawi wa jamii hospitalini mapema, kabla bili haijapanda.

Kinga ni bora zaidi. Tangu Oktoba 1, 2024, bima ya SHIF imechukua mahali pa NHIF. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na kiwango cha chini kabisa kwa familia ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka. Zile Sh24,000 za mfano wetu zingelipia familia sita kwa mwaka mzima kwa kiwango hicho, na chenji ibaki.

KABLA YA KUNUNUA TIKETI

Msomaji, ukiletewa tiketi, uliza maswali haya. Leseni iko wapi, na ina jina la nani? Mgonjwa yuko hospitali gani? Mweka hazina ni nani, na hesabu zitasomwa lini na wapi? Pesa zinaingia akaunti ya hospitali, au simu ya mtu binafsi? Kamati yenye nia safi haitakasirishwa na maswali hayo. Ikikosa majibu, weka tiketi kando, umtafute mgonjwa au jamaa zake, na utoe mchango wako moja kwa moja.

Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba chenyewe kisiwe na tundu.