Ukishuka Voi likizo hii, pita Sagalla

Je, msomaji, Voi wewe unaijuaje? Kwa wengi wetu wa mjini, Voi ni pale gari linaposimama njiani kuelekea Mombasa, baba akashuka kujinyoosha mgongo, watoto wakanunuliwa soda, safari ikaendelea. Tangu treni mpya ilipoanza mwaka wa 2017, hata hiyo soda hainunuliwi. Watoto hubandika pua kwenye kioo wakihesabu ndovu wekundu wa Tsavo, na shule zikifunguliwa wanajigamba kwamba walitembelea mbuga.

Wekundu ule, kwa taarifa yao, si wa ngozi. Ni udongo wa Tsavo ambao ndovu hujimwagia ili kujikinga na jua na wadudu.

Sasa mfikirie ndovu yule yule saa nane za usiku, nje ya mbuga, akiwa amesimama katikati ya shamba la mahindi la ekari moja. Mwenye shamba yuko macho, ana tochi na debe la kugonga. Amelima kwa jembe, akangoja mvua ya vuli iliyokuja kwa kuchelewa, akapalilia mara mbili. Mnyama huyu hula zaidi ya kilo mia moja kwa siku, na kwa nadra huja peke yake. Kukicha, karo ya mtoto wa sekondari imekwisha kuliwa.

Ili uelewe jambo hili linavyokuja, itazame ardhi yenyewe. Kaunti ya Taita Taveta ina kilomita mraba zipatazo 17,000. Asilimia 62 hivi imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizotengwa mwaka wa 1948. Ondoa ranchi za mifugo, ondoa mashamba makubwa ya mkonge, na ardhi inayoweza kulimwa kwa mvua ni kama sehemu moja kwa kumi tu. Nyingi ya hiyo iko juu milimani, Wundanyi na kwingineko, kwenye ukungu na migomba. Anayeishi bondeni analima katika nchi kavu, jirani yake ni ndovu, na kati yao mara nyingi hakuna kitu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 inaahidi fidia kwa mazao yaliyoharibiwa, lakini wakulima wamelalamika mara nyingi kwamba fidia hiyo hukawia mno. Tumbo halingoji fomu.

Hapa ndipo nyuki wanapoingia.

Mwaka wa 2002 watafiti walichapisha jambo ambalo wafugaji wa Kenya walikuwa wakilisema siku nyingi: ndovu huuacha mti wenye mzinga. Ngozi yake ni nene, kweli, lakini nyuki humuuma kandokando ya macho na ndani ya mkonga, na maumivu hayo hayasahau. Mtafiti Lucy King, akishirikiana na shirika la Save the Elephants, alianza kwa kuwachezea ndovu sauti ya nyuki waliokasirika iliyorekodiwa. Wengi walikimbia. Mwaka wa 2009 kazi hiyo ikaletwa Sagalla, chini ya kilima kile unachokiona kusini ya mji wa Voi.

Ua wenyewe ni kitu rahisi, hata mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuuchora. Nguzo husimamishwa kulizunguka shamba. Kila baada ya mita kumi huning'inizwa mzinga, na baada yake kibao cha mbao kilichopakwa rangi ya manjano kuigiza mzinga, kwa sababu mizinga ya kweli ina gharama. Vyote huunganishwa kwa waya mmoja. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hubembea upande wote ule, na wenyeji wa ndani hutoka kuuliza kulikoni.

Utafiti wa miaka tisa uliotolewa mwaka wa 2024 ulionyesha kwamba katika misimu mazao yalipostawi, ua huo ulizuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliosogelea mashamba ya Sagalla. Lakini usidhani ni dawa ya kila kitu. Ukame mkali wa mwaka wa 2017 ulikausha maua, nyuki wakahama, na mizinga haikurudia hali yake kwa kama miaka mitatu. Mzinga mtupu ni sanduku tu, na ndovu si mjinga.

Ndiyo sababu ua wa namna hii hautaki kujengwa tu, unataka kutazamwa. Mchwa hula nguzo. Siafu huwavamia nyuki, kwa hiyo waya hupakwa grisi. Nyegere huja usiku kutafuta asali. Lazima mtu apite mzinga kwa mzinga, aandike upi una nyuki na upi umehamwa, apime nyayo za ndovu waliopita jana, aone walivunja wapi na waligeuka wapi. Ni kazi ya jua kali, na haipendezi pichani. Ni kazi ambayo kijana mwenye miguu mizima na daftari anaweza kuisaidia, mradi afundishwe na wenyeji na akubali kuamshwa mapema.

Nitasema wazi jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi yenu. Kujitolea kwa siku moja, ukapiga picha ukimkumbatia mtoto wa watu na kurudi hotelini, ni mzigo kwa mwenyeji. Amekuacha uingie shambani mwake, amekupikia, na siku ya kupalilia imempita. Kama una siku moja tu, nenda ukatazame, ununue asali na kikapu cha mkonge kutoka kwa akina mama, useme asante. Wiki mbili au tatu ndipo unaanza kufaa. Wanafunzi walio katika Vilabu vya Wanyamapori, vilivyoko nchini tangu mwaka wa 1968, wana njia iliyo rahisi zaidi: mwalimu mlezi huandika barua mapema na kungoja jibu. Usijitokeze tu na mkoba mgongoni. Na kama kuumwa na nyuki hukuvimbisha mwili au kukubana pumzi, kazi hii si yako, kuna nyingine.

Haina maana kwamba usistarehe. Siku za mapumziko, wenye magoti imara wapande mlima Kasigau, ulio kusini-mashariki ya Voi na urefu wa mita 1,641 hivi. Chini ni miiba na vumbi, juu ni msitu wenye ukungu na kuvu kwenye matawi, kana kwamba umebadilisha nchi. Uko nje ya mbuga, kwa hiyo unaruhusiwa kutembea kwa miguu, lakini chukua kiongozi kutoka vijiji vya chini kama Rukanga au Bungule, na umlipe bila kunung'unika.

Mwombe akusimulie habari za mwaka wa 1915. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kuwa waliwasaidia Wajerumani, wakawahamisha wote hadi Malindi. Wengi walifia huko, na waliobaki walirudi nyumbani miaka ya thelathini. Ukiyasikia hayo ukiwa umekaa juu ya jiwe, ukiziona ranchi na mbuga zikitanda hadi upeo wa macho, utaelewa kwa nini mzee wa hapa akisikia mgeni anataja mpango wa ardhi, huuliza kwanza ni ardhi ya nani.

Maji jibebee, lita tatu kila mtu. Muanze kupanda kabla ya jua, kwani kufikia saa nne mawe ya chini huwa yamekwisha kuwaka.