Turbo Inapopiga Mluzi

Turbo ya gari ikianza kupiga mluzi mkali, wengi hukimbilia kununua nyingine. Mimi nashauri tupime kwanza.

Moshi wa injini huzungusha feni moja, zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Feni ya pili, iliyo katika mhimili uo huo, husukuma hewa injinini. Hewa ikipata mwanya hulia, na gari hupungukiwa nguvu.

Basi injini ikiisha kupoa, mimi hupapasa mipira ya hewa. Penye ufa au kibano kilicholegea mara nyingi huwa na alama ya oili. Kaza kibano, au badili mpira.

Mipira ikiwa mizima, tikisa mhimili kwa kidole. Kucheza kidogo si kitu. Lakini feni ikigusa ganda lake, usiwashe gari: kipande kikivunjika chaweza kuua injini.