Ua Hili ni la Nani? Kulinda Michoro ya Batiki na Kanga



Katika kazi yetu na vikundi vya akina mama wanaotengeneza batiki katikati ya jiji la Dar es Salaam, swali moja hurudi kila mara: "Nimebuni ua langu, nimelipeleka Kariakoo, baada ya wiki chache nalikuta kwenye vitambaa vya bei ya chini. Nifanyeje?" Jibu linategemea ni kitu gani kilichochukuliwa. Kuna ulinzi wa aina nne.

Kwanza ni hataza. Hii hulinda uvumbuzi, yaani namna mpya ya kutengeneza kitu. Kwa Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, inayosimamiwa na BRELA, ulinzi ni miaka 10 na unaweza kuongezwa hadi 20. Njia mpya ya kukamatisha rangi kwenye kitambaa inaweza kupewa hataza; ua lenyewe haliwezi.

Pili ni alama ya biashara. BRELA huisajili kwa miaka 7, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10. Kanga mashuhuri za Mombasa huchapishwa maneno "Mali ya Abdulla", na mnunuzi wa Kariakoo hujua mara moja zimetoka kwa nani. Lakini anayeiga maua tu bila kuweka maneno hayo hajaigusa alama.

Tatu ni hakimiliki, chini ya sheria ya mwaka 1999. Huanza mara mchoro unapokamilika, hata bila usajili. Ugumu wake ni ushahidi: lazima uonyeshe kuwa mwenzako alinakili kazi yako. Aliyechora ua linalofanana bila kuliona la kwako hana kosa.

Nne ni ulinzi wa muundo, yaani sura ya bidhaa: umbo, mistari na mpangilio wa rangi. Ukishasajiliwa, hata aliyebuni sura hiyo hiyo peke yake huzuiwa. Marekani huuita hataza ya muundo, na hudumu miaka 15. Kenya hutoa miaka 5, inayoweza kuongezwa mara mbili. Zanzibar iliuweka katika sheria yake ya mwaka 2008. Kwa Bara, sheria ya 1987 inahusu uvumbuzi, si sura. Tanzania ilijiunga na Itifaki ya Harare mwaka 1999, ambayo kwayo miundo huombewa ARIPO, lakini safari hiyo ni nzito kwa mwenye mtaji mdogo.

Tena, kwa kawaida muundo unatakiwa uwe mpya siku ya maombi. Ukishatundikwa dukani, upya huo unaweza kupotea.

Kwa hiyo tunawashauri akina mama wetu: kabla ya kupeleka mzigo sokoni, wekeni mchoro wa kwanza wenye tarehe na sahihi, tunzeni stakabadhi, uorodhesheni COSOTA, na sajilini jina la kikundi BRELA. Ua likiigwa, mtakuwa na cha kuonyesha.